Twiga wa Unga wa Ngano

Kosa litakalofichuliwa hapa ni ujuaji. Nimelitaja mapema ili msomaji asipoteze muda wake kumtafuta mkosaji miongoni mwa watoto, kwa maana watoto wamo wengi na karibu wote walikuwa na kamasi, jambo ambalo huwafanya waonekane na hatia. Mkosaji nilikuwa mimi. Ujuaji haufanani na ujuzi ingawa majina yao yanakaribiana: mwenye ujuzi huuliza kwanza, mwenye ujuaji hujibu kabla hajaulizwa, na akikosea huongeza sauti.

Katika miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakinyonyolewa wafanyakazi kama kuku wa sikukuu, nami nilinyonyolewa. Nilikuwa mkutubi wa shirika moja mjini Mwanza. Niliambiwa kwa barua ya heshima kwamba uchumi umefunguliwa milango, nami nikatumia mlango huo huo kutoka. Nikarudi nyumbani kwetu Butimba na maboksi manne ya vitabu, nikamkuta mke wangu akiwa amefanya kwa miaka sita, bila barua ya mtu yeyote, kazi iliyo kubwa kuliko yangu: alikuwa na chekechea katika ua wetu, banda la bati, mikeka, ubao mmoja, na watoto ishirini na wawili.

Kisha mama yake akaugua huko Sengerema. Jumapili mchana mke wangu alifunga mkoba wake, tayari kwenda kuvuka kwa kivuko cha Busisi, akasimama mlangoni akinitazama kama mtu anayemwachia fisi zizi.

"Nakuachia ishirini na wawili," akasema. "Ijumaa mchana nikirudi nikute ishirini na wawili."

"Kwani nitawala?"

"Huwezi kuwala. Utawahutubia."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa nasari ya kisasa, yenye ukuta uliopakwa rangi ya waridi, mwalimu wa viatu virefu, biskuti za kutoka nje kila saa nne, na watoto waliofundishwa kusema "Gudi moningi ticha" hata ikiwa ni saa saba mchana. Mke wangu alikuwa amenieleza waziwazi kwamba wakituhama watano tu, itampasa kuifunga chekechea yake. Kwa hiyo juma lile nilikabidhiwa jambo moja tu: nisimpoteze mtoto.

Mtu mwenye busara angeendelea na nyimbo na uji kama ilivyokuwa kawaida. Mimi nilichukua karatasi ya manila nikachora ratiba ya juma zima yenye mada moja, Twiga: kitabu cha twiga, kazi ya mikono ya twiga, ziara ya twiga, kitafunwa cha twiga. Mpishi wetu wa uji, mama mmoja mtu mzima aliyetokea upande wa Magu, alikuja akaisoma ile karatasi kuanzia juu hadi chini huku mwiko wa kukorogea ukimdondoshea uji miguuni.

"Imekaa vizuri, Mwalimu," akasema. "Na kamasi umezipangia siku gani?"

Nikaibandika ratiba yangu ubaoni.

Jumatatu nilitoa kitabu cha picha kutoka katika vitabu vya msaada vilivyowahi kuletwa maktabani. Twiga wa kitabu hicho alikuwa amevaa skafu na alikuwa akipiga zumari. Nilikiinua, nikawaeleza watoto kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba twiga ni mnyama wa taifa letu, ni mpole, ni mrefu, tena hana sauti. "Jifunzeni kwake," nikamalizia. "Aliye juu hapigi kelele."

"Anakoroma," ikasema sauti kutoka mkeka wa mbele.

Alikuwa binti wa miaka mitano, mwenye kichwa kilichonyolewa na macho ya hakimu. Aliishi na bibi yake nyumba chache kutoka kwetu.

"Nani anakoroma?"

"Twiga. Bibi alimsikia alipokuwa anachunga."

"Bibi yako alisikia ng'ombe."

"Bibi anajua ng'ombe, Mwalimu."

Wenzake wakacheka. Nikasema kwa ukali kwamba kitabuni imeandikwa kuwa twiga hana sauti. Kitabuni haikuandikwa hivyo. Kitabuni twiga alikuwa, kama nilivyokwisha kusema, akipiga zumari. Lakini nilikuwa nimesimama, na binti alikuwa ameketi, na katika siku zile niliamini kwamba ukweli una desturi ya kumwelekea aliyesimama.

Jumanne kazi ya mikono ilitufaa zaidi, angalau hadi saa sita. Maduka ya mjini yalikuwa yamefurika bidhaa za kila nchi, na bidhaa zikishauzwa kinachobaki ni maboksi. Tuliyakusanya, tukayafunga kwa kamba za katani, tukapata kiwiliwili na miguu. Shingo tuliisuka kwa mafunjo ya ziwani, na madoa tukayapiga kwa majani ya chai yaliyochujwa. Ubavuni mwa twiga wetu palisomeka maandishi ya kigeni, na chini yake palikuwa na mchoro wa glasi iliyopasuka, ambao niliwafafanulia watoto kuwa ni onyo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumgusa. Ilipofika adhuhuri mafunjo yakalegea, shingo ikainama taratibu hadi kichwa kikagusa mchanga.

"Mwalimu, twiga amekufa!"

"Hajafa. Anakunywa maji."

"Maji yako wapi?"

"Anayatafuta."

Jumatano ilikuwa siku ya ziara. Wanyama wenyewe walikuwa mbali nasi, na sikuwa na gari. Lakini msomi hashindwi na jambo dogo kama kukosekana kwa kitu anachokifundisha. Nikatoa hoja kwamba kumwona twiga si lazima. Lililo bora ni kuona kama aonavyo twiga. Nyuma ya nyumba zetu yapo majabali makubwa, yamebebana kana kwamba kuna aliyeyapanga akaitwa chakula. Tukawapandisha watoto mmoja mmoja, mpishi akisukuma kwa chini nami nikivuta kwa juu, hadi wote ishirini na wawili wakakaa kileleni wakipepewa na upepo wa ziwa.

"Sasa ninyi ni twiga," nikatangaza. "Mnaona nini ambacho hamkukiona mlipokuwa chini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya upeo wa macho na upeo wa akili. Mbele yetu ziwa lilikuwa limetandazwa lote, lenye visiwa vyake na mitumbwi yake.

"Bembea!" wakapiga kelele.

Ukuta wa waridi, ambao mtu aliye chini hauvuki kwa macho, kutoka pale juu ulikuwa si kitu. Ua mzima wa nasari ya kisasa ulikuwa wazi kama sinia.

"Mbili! Nyekundu na bluu!"

"Na wanakula biskuti!"

"Na ziwa je?" nikauliza. "Hamlioni ziwa?"

"Ziwa liko kila siku, Mwalimu," akasema mmoja wa mapacha wawili tuliokuwa nao. Ndugu yake akashusha pumzi ndefu. "Twiga anafaidi," akasema.

Asubuhi ya Alhamisi mapacha hawakuja. Nilihesabu ishirini mara tatu, na mara zote walikuwa ishirini. Mimi, kwa mikono yangu, niliwavuta juu ya jabali ili waone walikopaswa kuhamia.

Tumaini langu likabaki kwenye kitafunwa. Wenzetu wana biskuti, nikawaza. Sisi tutakuwa na twiga wa kuliwa. Nilikata sura ya twiga kwenye karatasi ngumu, nikamkabidhi mpishi aiweke juu ya unga uliosukumwa na kukata kwa kisu. Akaigeuza ile karatasi mkononi.

"Mwalimu, umeuliza hawa watoto ni wa akina nani na kwao wanakula nini?"

"Andazi ni andazi, mama."

"Haya. Mimi nakaanga tu."

Hamira haiheshimu michoro. Shingo zilivimba kwenye mafuta, miguu ikaungana, na nusu ya twiga wakatoka wakifanana na kiboko anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Hata hivyo tuliwapaka madoa ya kakao, tukawapanga kwenye sinia, nami nikainua mmoja mbele ya darasa.

"Hiki ni nini?"

"Twigaaa!"

"Sikusikia. Ni nini?"

"TWIGAAA!"

"Vizuri sana. Kila mmoja achukue wake."

Yule binti alimchukua wake, akamtazama, akamweka chini mbele yake, akakunja mikono.

"Mbona huli?"

"Sisi hatuli twiga."

"Ninyi akina nani?"

"Mimi, na bibi, na baba, na shangazi wa Kisesa. Twiga ni mwiko wetu. Ukimla unatoka madoa."

Nikatabasamu, tabasamu la mtu ambaye ameletewa nafasi ya kufundisha. Nikamweleza kwamba kile hakikuwa twiga, bali unga wa ngano, sukari, mafuta na hamira.

"Lakini ulituuliza hiki ni nini," akasema polepole, kama anayemsaidia mzee kukumbuka, "tukasema twiga, ukasema vizuri sana."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, nimpe kikombe cha uji, mambo yakaisha. Badala yake nilihutubia. Nilieleza tofauti iliyopo kati ya kitu na mfano wake. Nilisema picha ya moto haiunguzi na picha ya maji haikati kiu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama yule twiga wa boksi naye siyo twiga, nikasema siyo. Akauliza kama pale juu ya jiwe nao hawakuwa twiga, nikasema hawakuwa. Akalirudisha andazi lake kwenye sinia, amevunjika moyo kabisa.

Nikamgeukia tena binti. Nikasema mbele ya wenzake kwamba miiko ya namna ile ni ushirikina, kwamba mtoto wa shule hapaswi kuishika, na kwamba bibi yake anaishika kwa sababu hakusoma.

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisogeza andazi mbali kwa kidole kimoja, akabaki akitazama magoti yake. Na darasa, ambalo kwa siku nne sikuwahi kulifanya likubaliane juu ya jambo lolote, likakubaliana.

"Na mimi kwetu hatuli twiga."

"Kwetu hatuli uji."

"Kwetu hatuli mchicha wala kunde!"

"Kwetu hatuli kuoga!"

Watoto ishirini walikwenda nyumbani mchana ule bila kula kitu, na sinia likabaki limejaa. Mpishi alilifunika kwa kanga, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mwalimu, nikuulize. Nikichukua unga nikaufinyanga, ukatoka sura ya mama yako mzazi, na kilemba chake, na lile pengo lake la meno, nikaukaanga nikakuletea na chai. Utaanzia wapi? Sikio?"

Nikasema nitalifikiria swali hilo, maneno ambayo msomi huyatumia anaposhindwa.

"Fikiri upesi," akasema. "Bibi yake namjua, kesho atakuja. Wale wa nyumba za juu ndiye huwapeleka na kuwarudisha njiani. Akimwondoa wake, wanaondoka sita. Na mapacha wako wamekwishaondoka."

Watano walitosha kuifunga chekechea. Mimi ningempokea mke wangu nikiwa nimempotezea wanane.

Bibi alikuja Ijumaa saa mbili, fimbo mkononi, mjukuu wake nyuma yake, na nyuma ya mjukuu wale watano wengine wamejipanga kama mashahidi. Nilikuwa nimetayarisha vitabu viwili mezani, kimoja cha mila na kimoja cha lishe. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempa mjukuu wangu twiga ale?"

"Lilikuwa andazi, mama."

"Lilikuwa na shingo?"

"Lilikuwa nayo."

"Na madoa?"

"Ya kakao."

"Sasa, baba, ulitaka liwe nini?"

Nikagusa kitabu cha juu. Akakitazama kwa upole wa kutisha. "Acha hicho, kitachafuka. Nimekuja kumchukua mtoto." Akageuka, na wale watano wakageuka pamoja naye.

Ndipo mpishi akatoka jikoni amebeba lile sinia la jana kichwani, anatembea kwa maringo kama bibi harusi.

"Nilisikia harufu ya watu wa twiga," akasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Nikasema, kama ni wao, mbona shingo fupi hivi?"

Nilidhani ameingiwa na wazimu. Sikujua, kwa kuwa sikuwa nimeuliza, kwamba ukoo wake na ukoo wa yule bibi ni watani tangu enzi za mababu. Na mtani, msomaji anajua, ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu wala rafiki: hukutukana msibani, huchukua chakula mkononi mwako, na anayemkasirikia ndiye mwenye aibu.

Bibi alisimama. Mgongo wake ukatikisika kidogo kabla hajageuka.

"Wewe! Ninyi mliokula hata ngozi ya ngoma, mkakosa cha kuchezea!"

"Tulikula tukashiba! Ninyi mlikaa mnamtazama ndugu yenu porini, njaa inawatafuna."

"Mlafi mkubwa."

"Tena mlafi mwenye haki yake." Akateremsha sinia, akamchukua twiga mmoja, akamng'ata kichwa. Andazi la jana halina huruma. Alitafuna kwa muda, sote tukisubiri. "Shingo ngumu kama ya wenyewe," akasema. Akamla huyo, akaanza wa pili. "Umekuja na kesi ya twiga? Kesi hii hapa, inaingia tumboni kwangu. Njoo uifungue huku ndani kama unaweza."

Bibi alicheka hadi akaomba kigoda. Watoto walicheka kwa sababu yeye alicheka. Mimi pia nikaanza kucheka, nikiona mambo yamekwisha, naye akaninyooshea fimbo.

"Yeye ni mtani wangu. Wewe si mtani wangu."

Nikaacha.

"Andazi limeliwa na mwenye ruhusa, limekwisha. Na njaa ya mjukuu wangu niliimaliza kwa ugali. Lakini jana aliniuliza kama mimi ni mjinga. Hilo, Mwalimu, utalimaliza kwa nini?"

Nikaviacha vitabu viwili pale mezani. Nikapiga magoti juu ya mkeka, kwa kuwa binti alikuwa mfupi na sikutaka kumtazama tena kutoka juu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nilikosea. Kwamba bibi yake anajua mambo ambayo mimi sijui. Na kwamba niliyasemea nisiyoyaelewa. Nikamwomba anisamehe.

Akanitazama kwa macho yale ya hakimu.

"Sema twiga anakoroma."

"Twiga anakoroma."

"Hawajasikia kule nyuma."

"TWIGA ANAKOROMA!" nikapaza sauti, nikiwa nimepiga magoti, mtu mzima mwenye mvi mbili.

"Vizuri sana," akasema, akaenda kukaa mahali pake.

Bibi hakuondoka. Aliketi kwenye kigoda akawaeleza watoto jinsi, alipokuwa msichana, alivyopeleka ng'ombe malishoni mbali na kwao, wakamkuta twiga jike na mwanawe kwenye migunga. Jinsi twiga yule alivyopanua miguu ya mbele ili ainame kunywa. Jinsi alivyomwona msichana huyo na ng'ombe zake akatoa mlio kupitia puani. Akautoa mlio wenyewe. Ulikuwa mlio wa kushtua, na kwa nusu saa iliyofuata chekechea nzima haikufanya kitu kingine. Mpishi akagawa uji. Wote wakanywa, hata yule ambaye kwao hawali uji.

Mke wangu aliingia saa sita, mkoba begani, vumbi la barabara usoni. Akasimama kati ya twiga wa boksi aliyeanguka na watoto wanaokoroma, akahesabu kwa kidole kabla hajanisalimu.

"Ishirini."

Nikamwonyesha ukingo wa ua wetu. Mapacha walikuwa wamesimama nje ya michongoma, mabegi mgongoni, biskuti mkononi, wametoka nasari kwenda kwao na wamenaswa njiani. Walikuwa wakijitahidi kukoroma kama wenzao, na makombo yaliwatoka puani.

"Jumatatu tunarudi," mmoja wao akamwambia mke wangu. "Kule hawajui twiga."

Akaweka mkoba chini. Alimtazama yule bibi aliyeketi kwenye kigoda cha mpishi, akatazama magoti ya suruali yangu yaliyojaa mchanga, akajua kwamba jambo kubwa limepita nyumbani kwake.

"Nani aliwashika watoto hawa?" akauliza.

Nilifungua kinywa. Niliyaona maneno yamejipanga tayari, juu ya mada moja kwa juma zima na manufaa yake katika malezi. Nikayameza, nikamtajia jina ambalo watoto wote walimwita mpishi wetu: Mama Uji.